Nani Huweka Hesabu ya Mheshimiwa?

Jioni ya Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, orodha ileile iliingia kwenye simu yangu kutoka makundi matatu tofauti ya WhatsApp. Ilikuwa na safu mbili: wabunge walioupitisha Mswada wa Fedha na wabunge walioupinga. Mchana huo mswada ulikuwa umepita kwa kura 195 dhidi ya 106. Kufikia saa hiyo waandamanaji walikuwa wameshaingia ndani ya majengo ya Bunge jijini Nairobi, sehemu ya jengo ilikuwa imeshika moto, na kulikuwa na vijana waliouawa kwa risasi barabarani.

Nilifanya alichokuwa akifanya kila mtu. Nilitafuta jina la mbunge wangu. Nilipitia safu ya kwanza, halikuwamo. Nikapitia ya pili, halikuwamo pia. Nikarudia, nikidhani macho yamechoka. Nilisikia kwamba kura tatu ziliharibika, nikajumlisha: 195, 106 na 3 ni 304. Bunge la Taifa lina wabunge 349. Zaidi ya wabunge 40 hawakuwa upande wowote, na wangu alikuwa mmoja wao.

Nikampigia simu mjomba wangu, mwalimu mstaafu ambaye husikiliza habari za Bunge kama wengine wanavyosikiliza mpira. Nilimweleza kwa hasira. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe angalau unajua kwamba hakuwepo. Wakati wetu orodha ilikuwepo, lakini haikuwa yetu."

"Ilikuwa ya nani, mjomba?"

"Ya Mzee."

Nimetumia muda mwingi tangu siku hiyo nikisoma ili nielewe jibu hilo.

*

Mzee ni Rais Jomo Kenyatta, na mwaka ambao mjomba alikuwa akiukumbuka ni 1975. Tarehe 2 Machi mwaka huo, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini ambaye Wakenya walimwita JM, alionekana kwa mara ya mwisho akitoka hoteli ya Hilton jijini Nairobi akiwa na afisa mkuu wa usalama. Mwili wake ulipatikana katika vilima vya Ngong. JM alikuwa amewahi kuwa mtu wa karibu wa Kenyatta, kisha akawa mkosoaji mkali wa jinsi ardhi na mali za nchi mpya zilivyogawanywa.

Bunge liliunda kamati teule kuchunguza mauaji hayo, ikiongozwa na Elijah Mwangale. Ripoti yake ililetwa Bungeni mwezi Juni. Majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa kabla ya ripoti kuwasilishwa, lakini yaliyobaki yalitosha kuitia serikali wasiwasi. Serikali haikutaka ripoti hiyo ikubaliwe. Suala likapelekwa kwenye kura ya kuhesabiwa, ile ambayo kila mbunge hujulikana alisimama wapi. Upande wa ripoti ulipata kura 62. Upande wa serikali ulipata 59.

Ushindi wa kura tatu. Na ndani ya hizo 62 kulikuwa na watu watatu waliokuwa wakila kiapo cha serikali: Waziri Masinde Muliro, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Hao watatu wangepiga kura na serikali, matokeo yangegeuka, 62 kwa 59 upande wa pili. Wote watatu walifutwa kazi mara moja.

Hiyo ndiyo maana ya jibu la mjomba. Sisi hupenda kuamini kwamba kumfuatilia mbunge, kuandika alivyopiga kura na alichosema, ni uvumbuzi wa raia wenye intaneti. Lakini rekodi hiyo ilikuwa na msomaji makini muda mrefu kabla yetu. Msomaji huyo alikuwa Ikulu, alikuwa na uwezo wa kuajiri na kufukuza, na hakuhitaji kusubiri uchaguzi.

Miezi minne baadaye ikawa zamu ya maneno. Mnamo Oktoba 1975, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Wenzake wakasimama kumtaka athibitishe. Aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye, polisi waliingia katika viwanja vya Bunge wakawakamata wote wawili. Waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Kenyatta alipofariki, na wakaachiliwa Desemba 1978.

Kisheria, mbunge hawezi kushtakiwa kwa maneno aliyoyasema ndani ya Bunge. Lakini kizuizini hakukuhitaji mashtaka. Ilitosha kwamba maneno yamesemwa, yameandikwa, na kuna aliyeyasoma.

Kwa hiyo usishangae kwamba mnamo Juni 1982, serikali ilipoleta mabadiliko ya katiba ya kuifanya KANU kuwa chama pekee nchini, hakuna mbunge aliyesimama kuyapinga. Charles Njonjo alileta hoja, Mwai Kibaki akaiunga mkono, na ikapita. Mtu akiisoma rekodi hiyo leo bila kujua yaliyompata Muliro, Shikuku na Seroney, atadhani nchi nzima ilikuwa imekubaliana. Kura ilikuwa ya wazi na idadi ilikuwa sahihi, ila rekodi haikuwa na mahali pa kuandika hofu.

*

Bunge letu lilirithi taratibu zake kutoka Uingereza, na huko nako kuandika yanayosemwa Bungeni kulikuwa kosa kwa muda mrefu. Katika karne ya 18, Bunge la London lilihesabu kuchapisha mijadala yake kuwa ni kuvunja haki zake. Wachapishaji wakatafuta njia za panya. Kati ya mwaka 1741 na 1744, Samuel Johnson, yule aliyekuja kuandika kamusi maarufu ya Kiingereza, aliandika mijadala hiyo gazetini akijifanya kwamba ni ya bunge la nchi ya kubuni iitwayo Lilliput. Hotuba nyingi alizitunga mwenyewe kutokana na vijipande vya habari alivyoletewa.

Mwaka 1771 Bunge liliamuru wachapishaji kadhaa wakamatwe. Wakuu wa Jiji la London wakakataa. Meya wa jiji, Brass Crosby, na mwenzake Richard Oliver wakafungwa katika Mnara wa London, na umati ukajaa barabarani kuwaunga mkono. Bunge halikutamka rasmi kwamba limeshindwa, ila tangu hapo liliacha kuwasumbua wachapishaji. Mwanzoni mwa karne ya 19, William Cobbett alianza kuchapisha mijadala kwa mfululizo. Mwaka 1812, akiwa na madeni na ametoka tu kifungoni kwa maandishi yake, aliiuza kazi hiyo kwa mchapishaji aliyeitwa Thomas Curson Hansard. Jina hilo ndilo tunalolitaja mpaka leo Nairobi na Dodoma tunapotaka kujua nani alisema nini.

Zingatia mpangilio. Maneno ndiyo yaliyoruhusiwa kwanza. Kura zilichelewa. Orodha rasmi za nani alipiga kura upande gani zilianza kuchapishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1836, zaidi ya miaka 60 baada ya Meya kufungwa. Hotuba humtangaza mbunge, kwa hiyo hata yeye mwenyewe huitaka gazetini. Kura ni jambo jingine. Kura humfunga.

Ndiyo maana mpaka leo maamuzi mengi ya mabunge yetu hayana majina. Spika huuliza, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme la. Ukumbi huvuma. Spika husikiliza, kisha hutangaza upande ulioshinda. Anayefuatilia mbunge wake hapati chochote hapo, kwa sababu sauti ya mtu mmoja imezama katika sauti za wote. Kura ya majina huja pale tu katiba au kanuni zinapoilazimisha, au pale wabunge wa kutosha wanaposimama kuidai. Tanzania, wabunge huitwa jina kwa jina kwenye kura ya bajeti ya taifa, na kila mmoja husikika akijibu ndiyo au hapana. Katika miswada mingi ya kawaida, ni ule uvumi wa ukumbi.

Watanzania waliwahi kulijadili jambo hili waziwazi kuliko sisi. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana Dodoma, siku nyingi ziliishia kwenye swali moja: kura iwe ya wazi au ya siri? Waliotaka ya wazi walisema wananchi wana haki ya kujua wawakilishi wao wamesimama wapi. Waliotaka ya siri walisema kura ya wazi itasomwa kwanza na vyama, na mjumbe ataogopa chama chake kabla ya kuogopa wananchi. Mwishowe kila mjumbe akaruhusiwa kuchagua njia yake. Ukisoma habari za 1975, huwezi kuwacheka waliotaka usiri. Walikuwa wakiuliza swali la mjomba: orodha itakuwa ya nani?

*

Raia wa Kenya walianza kuishika orodha hiyo katikati ya miaka ya 2000. Ory Okolloh, mwanasheria, na Conrad Akunga, mtaalamu wa kompyuta, walianzisha tovuti ya Mzalendo. Kisa chake, kama Okolloh alivyokisimulia, kina kichekesho. Tovuti ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umeanikwa hadharani. Watu waliochaguliwa na umma hawakutaka umma usome walikosoma na walikofanya kazi. Vijana hao wawili wakaamua kuyaweka wenyewe: majina, majimbo, miswada, maswali na hotuba.

Mwaka 2012 tovuti hiyo iliundwa upya kwa msaada wa mySociety, shirika la Uingereza linaloendesha tovuti ya TheyWorkForYou, ambayo tangu 2004 imekuwa ikiwaonyesha Waingereza kila neno na kila kura ya mbunge wao. Sasa mtu angeweza kubofya jina la mbunge wake na kusoma yote aliyoyasema ukumbini. Kwa wengine ukurasa ulikuwa mrefu. Kwa wengine ulikuwa mweupe. Kila mwaka Mzalendo hutoa tathmini ya wabunge waliozungumza sana na wale ambao hawakufungua mdomo, na kila mwaka magazeti huwa na siku yao, na wabunge waliotajwa kuwa kimya hukasirika.

Hasira hiyo si ya bure kabisa. Hesabu ya hotuba ni kipimo chepesi. Anayesimama kumpongeza mwenzake kwa kufiwa na kufarijiwa huhesabiwa sawa na aliyesimama kuuliza fedha za hospitali zimekwenda wapi. Mbunge anayekesha katika kamati akisoma ripoti za mkaguzi anaweza kuonekana bubu kwa sababu kazi yake haionekani katika ukumbi mkuu. Uingereza walishaliona hilo. Tovuti ilipoanza kuhesabu hotuba, kuna wabunge waliolaumiwa kwamba husimama kusema maneno mawili matatu ili namba zao zipande. Ukimpima mtu kwa idadi ya maneno, atakupa maneno.

Kwa hiyo hotuba na kura husomwa pamoja. Mbunge anaweza kuulaani mswada kwa dakika kumi mbele ya kamera, kisha akaupigia ndiyo jioni baada ya Kiranja wa Wengi kupita viti. Mwingine anaweza kupiga kura isiyopendwa huku ameeleza sababu zake kwa uaminifu. Na kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo ya mbunge wangu, na ambayo haiachi hotuba wala kura.

*

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bunge lilitakiwa kutunga sheria ya kulitekeleza jambo hilo, na kwa miaka mingi likashindwa. Tarehe 27 Februari 2019 mswada wa kurekebisha katiba kwa ajili hiyo ulirudishwa ukumbini. Zilihitajika kura 233. Wabunge waliokuwa ndani walikuwa 174. Mswada ukaanguka.

Tafuta rekodi ya walioupinga. Huipati. Ni wachache mno waliokuwa tayari kusimama mbele ya mama zao na dada zao na kusema kwamba wanawake wasiongezwe Bungeni. Waliokuwa tayari kwenda kunywa chai walikuwa wengi. Mswada unaohitaji idadi maalumu huuawa na viti vitupu kwa uhakika uleule wa kura ya la, na muuaji hana jina. Miaka mingi baadaye atafika kwenye mkutano wa hadhara na kusema kwamba yeye hakuwahi kuwapinga wanawake, na Hansard haitamkanusha.

Mwaka 1975 kulikuwa na sababu ya kuogopa kuhesabiwa. Mtu aliyekosekana ukumbini siku ile pengine alikuwa akiokoa maisha yake. Leo mbunge anayekwepa hamwogopi Mzee. Anatuogopa sisi, na ameshagundua kwamba hatuna safu yake katika orodha zetu.

*

Narudi kwenye orodha ya Juni 2024, kwa sababu nayo haikuwa safi.

Wiki ile vijana walifanya jambo ambalo nchi haikuwahi kuliona. Mswada wenyewe, kurasa kwa kurasa za lugha ya kodi, ulifafanuliwa kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, katika video za dakika moja. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na watu wakahimizana "kuwasalimia". Mswada ulipopita hatua ya pili tarehe 20 Juni kwa kura 204 dhidi ya 115, majina yalijulikana usiku uleule. Kati ya siku hiyo na tarehe 25, kura za ndiyo zilipungua kwa tisa. Ni wachache, lakini ni wabunge waliogundua kwamba wanasomwa. Na tarehe 26 Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi, akiwa amezungukwa na wabunge ambao siku moja kabla walikuwa wameupitisha.

Lakini orodha hiyohiyo ilitumiwa kuchagua nyumba na biashara za kuchomwa. Na upande wa pili, kuna vijana waliochukuliwa majumbani mwao na watu wasiojitambulisha, kwa kuwa nao walikuwa kwenye orodha ya mtu fulani. Nilipomwambia mjomba hivyo, alisema tu, "Ndiyo maana nilikuuliza ni ya nani." Hakuwa ameniuliza, lakini sikumsahihisha.

Nadhani tofauti iko kwenye muda. Orodha inayosomwa kwa usiku mmoja haina nafasi ya sababu. Haielezi kama mbunge aliahidi kitu kingine mwezi uliopita, kama alisema lolote kwenye mjadala, kama ndiyo yake ni ya kwanza au ya ishirini. Inatoa jina na hukumu. Rekodi inayowekwa kwa miaka mitano hufanya kazi polepole, na humfikia mbunge mahali panapostahili, kwenye karatasi ya kura. Tena humlinda mbunge mwema. Muliro angekuwa na wapiga kura wenye kuijua kura yake kama Ikulu ilivyoijua, adhabu yake ingekuwa na mizani ya upande wa pili.

Niliandikia ofisi ya mbunge wangu kuuliza alikuwa wapi tarehe 25 Juni. Nilijibiwa kwa adabu kwamba Mheshimiwa alikuwa na shughuli za kikazi na kwamba anawapenda vijana. Baada ya hapo nilinunua daftari. Hansard hupatikana kwenye tovuti ya Bunge, kikao kwa kikao, na kura za majina zimo ndani yake. Kila Jumamosi natafuta jina lake na kuandika. Nina safu nne: alichosema, alipiga ndiyo, alipiga la, hakuwepo. Haichukui zaidi ya nusu saa, na wiki nyingine haichukui hata dakika tano.

Katika miezi ya kwanza safu ya nne ndiyo iliyojaa. Alisimama mara mbili: mara moja kuwakaribisha wanafunzi wa shule ya jimbo letu waliokuwa wameketi roshani ya wageni, na mara moja kuulizia barabara, swali zuri ambalo hatukuwahi kusikia kwamba ameliuliza. Niliyaandika yote mawili. Mwaka 2027 anakuja kuomba kura, na mjomba ameshasema kwamba kwenye mkutano huo wa kwanza tutakwenda pamoja, na daftari atalibeba yeye.